Kuku wa Mkata na Nyumba Yake: Historia ya Kizimba, Kutoka Mwambao Hadi Juba

Utangulizi

Wahenga walisema: "Kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe." Walimu wengi huitumia methali hii darasani kuonyesha jinsi mambo yanavyomwendea kombo mtu maskini, na mara nyingi huishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kuisoma kwa namna nyingine, yaani kama maelezo ya kweli juu ya kuku asiye na nyumba imfaayo. Tutaeleza kwa ufupi kuku alikotoka, jinsi alivyojengewa katika nchi zetu, na kwa nini nyumba yake ya kale haimtoshi tena katika mji kama Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Kisha tutairudia methali, tuone ni sehemu gani ya mkosi huo iwezayo kuondolewa kwa miti, nyasi na wavu.

Tumeichagua Juba kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili si kigeni huko. Mwezi wa Februari 1863, Speke na Grant walipofika Gondokoro, ng'ambo ya mto Nili karibu na ilipo Juba leo, walifuatana na Sidi Mubarak Bombay na wenzake waliotoka nao Unguja mwaka 1860. Tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kuwapatia wanafunzi wa nchi hiyo maandishi ya Kiswahili yanayohusu maisha yao wenyewe imekuwa kubwa. Pili, Juba ni mji wa joto kali, na joto ndilo linalotuonyesha waziwazi kasoro za nyumba, iwe ya mtu au ya kuku.

Asili ya kuku

Kuku si ndege wa Afrika kwa asili. Mzazi wake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia. Mifupa ya kale iliyochimbuliwa katika kijiji cha Ban Non Wat, nchini Thailand, inaonyesha kwamba watu wa huko walikuwa wakiishi na kuku kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K. Wataalamu wengi wanaona kwamba mashamba ya nafaka, mpunga na mtama, ndiyo yaliyomvuta ndege huyo kutoka msituni hadi uani mwa binadamu. Yafaa tukumbuke jambo hili: mababu wa kuku waliishi chini ya miti, katika kivuli, na usiku walilala juu ya matawi. Tabia hizo mbili hazijamtoka hata leo.

Afrika alifika kwa njia zaidi ya moja. Huko Misri, katika Bonde la Wafalme, kiliokotwa kipande cha jiwe la chokaa chenye mchoro wa jogoo, kazi ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Katika nyanda za juu za Tigray, Ethiopia, mahali paitwapo Mezber, imepatikana mifupa ya kuku ya karne za kwanza za milenia ya kwanza K.K. Katika mwambao wetu, mifupa ya kuku imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyosifika tangu karne ya 7 na ya 8 B.K. Kwa hiyo kuku alitujia kwa nchi kavu na kwa bahari, akazoea haraka, hata watu wakasahau kwamba alikuwa mgeni.

Lugha nayo ni shahidi wa mazoea hayo. Mswahili hakutosheka na jina moja la kuku. Anayetoka katika yai ni kifaranga. Dume anayeanza kukua ni pora. Jike aliyekaribia kutaga ni tembe. Anayetaga ni mtetea, kwa ile sauti yake ya kutetea. Mwenye kuzaa na kulea ni koo. Na dume aliyekomaa ni jogoo, au jimbi. Watu wa Juba nao, katika Kiarabu cha Juba, humwita jidada. Neno hilo limetokana na Kiarabu, lakini sauti zake zimebadilishana nafasi, maana katika Kiarabu sanifu husemwa dajaja. Mwalimu anayefundisha Juba anaweza kuanzia hapo, kwani mwanafunzi anayeona jinsi neno lake lilivyosafiri hataona ajabu maneno ya Kiswahili yakisafiri pia.

Nyumba ya usiku

Je, kuku huyu alijengewa nyumba ya namna gani? Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hakujengewa nyumba ya peke yake hata kidogo. Alilala jikoni, au katika kona ya nyumba ya wenyewe, au juu ya mti. Aliyejengewa alipata kizimba, yaani kibanda kidogo cha miti, fito na udongo, chenye mlango mwembamba uliozibwa kwa ubao au jiwe. Wakati wa safari alitiwa katika tenga. Neno kizimba lenyewe laeleza kusudi lake. Ni neno lilelile litumikalo mahakamani kwa mahali anaposimama mshtakiwa, mahali pa kumzuia mtu asitoke. Kuku hana kesi, lakini naye huzuiwa, kwa sababu usiku una adui wengi: kicheche, kanu, fungo, chatu, siafu, na mwizi wa miguu miwili.

Hivyo kizimba cha kale kilikuwa nyumba ya usiku. Kulipokucha kilifunguliwa, na kuku akatoka kuchakura. Mchana wote alikuwa chini ya mwembe, kandokando ya ghala, au katika majani ya migomba, na hapo ndipo alipopata kivuli, upepo na wadudu wa kula. Mjenzi hakuwa na sababu ya kufikiria joto la mchana, kwa kuwa kizimba kilikuwa kitupu. Alichofikiria ni kuta nzito, mlango mdogo na giza. Hatuwezi kumlaumu; alijenga vizuri kwa kazi iliyokusudiwa.

Inafaa pia tutazame mahali pengine. Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 B.K., alishauri nyumba ya kuku ielekezwe upande wa jua lichomozapo wakati wa baridi, na ipakane na tanuri au jiko ili moshi uwafikie kuku, kwa kuwa huwapa afya. Moshi wa Columella na moshi wa jikoni mwetu ni ndugu: wote hufukuza utitiri na viroboto. Lakini jua alilolitafuta yeye, sisi twalikimbia. Raha ya kuku haina kipimo kimoja duniani. Kitabu kilichoandikwa katika nchi ya baridi humfundisha mjenzi kuhifadhi joto, na mjenzi wa nchi ya joto akikifuata bila kufikiri, atamjengea kuku tanuri.

Jogoo wa shamba mjini Juba

Juba ni mji kijana. Ulikua mwishoni mwa miaka ya 1920, Waingereza walipohamishia hapo makao yao ya utawala kutoka Mongalla. Baada ya Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 ukawa makao makuu ya jimbo la kusini lenye serikali yake ya ndani, na tarehe 9 Julai 2011 ukawa mji mkuu wa nchi huru. Kila hatua iliongeza watu. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005 watu walirudi kwa wingi kutoka Khartoum, Uganda na Kenya. Vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Julai 2016 vikawatawanya wengine na kuwakusanya wengine. Viwanja vilipungua upana, nyua zikazungushiwa ua, na mahali pa nyasi pakaezekwa bati.

Tuna methali isemayo "Jogoo wa shamba hawiki mjini." Kwa kawaida twaitumia kwa mtu anayejigamba kwao lakini ugenini hana lake. Katika habari hii yafaa ichukuliwe kama ilivyo. Kuku aliyehamia mjini amepoteza mwembe na uwanja wa kuchakura. Akiachiwa atembee, ataingia kwa jirani, atapita barabarani, au hatarudi. Basi mwenyewe humfungia kutwa. Hapo ndipo mambo yalipobadilika katika historia ya kizimba: nyumba ya usiku ikageuzwa kuwa nyumba ya mchana, bila kubadilishwa umbo lake. Kuta ni zilezile nzito, mlango ni uleule mdogo, na juu yake sasa kuna bati.

Tufikirie maana yake katika hewa ya Juba. Mji huo uko karibu na nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Mvua hunyesha takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba. Miezi inayofuata ni mikavu, na Februari na Machi ndiyo ya joto kali kuliko yote, ambapo alasiri joto hufika nyuzi 37 au 38 na pengine kupita. Mwezi wa Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa kuwa joto lilitabiriwa kufikia nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa muda wa majuma mawili, baada ya wanafunzi mjini Juba kuzirai kwa joto. Walimu waliowahi kufundisha chini ya bati tupu saa nane mchana hawahitaji kuelezwa zaidi. Ikiwa mtoto, ambaye hutoka jasho na aweza kuomba maji, huanguka, kuku atakuwaje? Joto la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41, naye hana jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, kwa kutandaza mabawa, na kwa damu ipitayo katika kishungi na ndevu zake. Hewa ya nje ikikaribia joto la mwili wake, na upepo haupo, njia hizo zote humshinda.

Jambo hili si dogo. Mayai na kuku wengi wanaouzwa katika masoko ya Juba hutoka Uganda, kwa barabara ya Nimule yenye urefu wa kilometa 192, iliyotiwa lami na kukamilika mwaka 2012. Barabara hiyo ikikwama, kwa mashambulizi au kwa foleni za malori mpakani kama zilivyotokea mwaka 2020, bei ya yai hupanda mjini. Mwenye kuku kumi wanaotaga nyuma ya nyumba yake hategemei barabara kwa yai la mtoto wake. Lakini kuku hao kumi wataendelea kutaga mwaka mzima ikiwa tu wataishi mwaka mzima.

Majengo matatu yaliyo mwalimu

Bahati njema ni kwamba ujuzi unaohitajika hautoki mbali. Katika Juba na vijiji vinavyoizunguka yapo majengo matatu ya asili, na kila moja limetatua sehemu ya tatizo.

La kwanza ni rakuba. Hiki ni kivuli cha nguzo na paa la nyasi, kisicho na kuta, ambapo watu hukaa kuzungumza, kunywa chai na kupokea wageni. Rakuba hufundisha kwamba katika nchi ya joto ukuta si lazima, ila upepo ni lazima. Kizimba cha mchana kiige rakuba: ukuta wa chini usipite magoti ya mtu, na sehemu yote ya juu iwe wavu, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wavu uwe wa matundu madogo na ufungwe imara, kwa kuwa kazi ya kale ya kizimba, kuzuia kicheche na mwizi, haijaondoka.

La pili ni ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya miti. Mkulima aliliinua ili unyevu wa ardhi, panya na mchwa wasifikie mtama wake. Kizimba kikiinuliwa vivyo hivyo, kiasi cha meta moja, upepo hupita hata chini ya sakafu. Sakafu ikitengenezwa kwa mianzi au fito zilizoachana kidogo, kinyesi huanguka chini, nacho huzolewa kwa mbolea ya bustani. Nguzo zikivishwa kipande cha bati laini, panya na nyoka hushindwa kupanda. Zikizungushiwa majivu, siafu husitasita. Na zikipakwa oili chafu sehemu iingiayo ardhini, mchwa huchelewa kuzila.

La tatu ni tukul, nyumba ya msonge ya udongo na nyasi. Fundisho lake ni paa. Nyasi hushika hewa ndani yake, na hewa hiyo huzuia joto la jua lisishuke. Bati hupokea joto na kulitupa chini kwa aliyelala. Mwenye bati peke yake alifunike kwa nyasi juu, au alipake chokaa nyeupe. Paa lichomoze nje ya ukuta kiasi cha meta moja, liwe kofia pana ya kuzuia jua na mvua ya upepo. Tahadhari moja tu: nyasi hushika moto, basi kizimba kikae mbali na jiko.

Kwa kuku kumi, kizimba cha urefu wa meta 2 na upana wa meta 1.5 kinatosha, hasa kikiwa na uwanja mdogo uliozungushiwa wavu. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi. Kwa njia hiyo jua la asubuhi na la jioni hukutana na pande fupi, nazo ndizo zinazofaa kuzibwa. Katika miezi ya kiangazi jua la Juba hupita upande wa kusini, hivyo paa la upande huo liongezwe kidogo. Kikikaa chini ya mwembe au mwarobaini, miti iliyo mingi katika mji huo, nusu ya kazi imekwisha fanywa.

Kiangazi na masika

Nyumba ya mwaka mzima lazima ijibu maswali mawili yanayopingana. Wakati wa kiangazi swali ni joto. Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita ya maji kwa siku, na joto likizidi hunywa mara mbili au zaidi. Maji yawe katika chungu, kivulini, yabadilishwe adhuhuri. Chakula apewe alfajiri na jioni, kwa maana kukisaga tumboni kunaongeza joto mwilini. Asifukuzwe wala kushikwashikwa mchana.

Wakati wa masika swali ni unyevu. Uwanja ukigeuka matope, kinyesi kikilowana, hewa hujaa harufu kali inayochoma macho, na vifaranga hushikwa na kuhara damu. Hapo sakafu ya juu huonyesha faida yake. Upande unaopigwa na mvua uteremshiwe jamvi au gunia, nalo likunjwe mvua ikiisha. Kosa la wengi ni kuliacha limeteremshwa miezi yote, wakarudisha giza la kizimba cha kale.

Ndani, kuku atengenezewe kitulio cha mti, kila mmoja akipata nafasi ya sentimeta 20, kwa kuwa bado anakumbuka matawi ya msitu wa mababu zake. Viota viwili au vitatu vyenye nyasi kavu, vikiwekwa penye giza kidogo, vinatosha mitetea kumi. Na katika kona ya uwanja pawe na shimo dogo la vumbi na majivu, aoge, ajiondolee utitiri.

Kuirudia methali

Sasa tuirudie methali ya mkata, tuipime neno kwa neno.

"Hatagi." Kuku anayehema kutwa hula kidogo, na chakula kidogo hakitoshi kufanya yai. Tena, kuhema sana hubadili hali ya damu yake, chokaa ikapungua katika gamba, na hata yai likitagwa huwa jembamba na kuvunjika. Dawa yake ni rakuba: kivuli na upepo.

"Akitaga haangui." Yai huatamiwa kwa siku 21 katika joto la karibu nyuzi 37.5. Alasiri ya Machi mjini Juba hufikia joto hilo bila koo wala mashine. Yai lenye mbegu likiachwa kutwa katika kibanda cha bati huanza kuumba kifaranga, usiku hupoa, kesho huanza tena, hatimaye hufa. Mwenye nyumba husema koo wake hana bahati. Mayai ya kuangua yaokotwe mapema, yakae mahali pa baridi, karibu na mtungi wa maji, hadi siku ya kulaliwa.

"Akiangua halei." Hapa mwuaji mkuu ni kideri, ambacho Tanzania wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na waweza kufagia kuku wa mtaa mzima katika juma moja. Nyumba peke yake haiuzuii. Kinachouzuia ni chanjo, na iko aina ya I-2, iliyotengenezwa Australia, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo za zamani. Hutiwa tone moja jichoni, ikarudiwa kila baada ya miezi minne. Lakini kuwakamata kuku kumi walio katika kizimba alfajiri ni kazi ya dakika chache. Kuwakamata walio mitini ni kazi ya kutwa. Kwa hiyo hata hapa nyumba ina sehemu yake.

"Akilea huchukuliwa na mwewe." Hili laondolewa na wavu wa juu ya uwanja, au matawi ya miti yaliyotandazwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kizimba kilianza kwa hofu ya usiku, kikaingia mjini bila kubadilika, na sasa chatakiwa kujibu joto la mchana. Tumeona pia kwamba majibu yake yako katika majengo ambayo wenyeji wa Juba wamekuwa wakiyajenga, ila hayajazoeleka kuunganishwa kwa ajili ya kuku. Methali ya wahenga haikosei katika kueleza mfuatano wa hasara. Hasara hizo huja kweli, na huja kwa mpango huohuo. Inayokosea ni desturi yetu ya kuifundisha kana kwamba ni hukumu isiyokatiwa rufani.

Tungependa kuwashauri walimu wenzetu, hasa wanaofundisha Kiswahili katika shule za Sudan Kusini, waitumie habari hii darasani. Wanafunzi wapewe methali, waigawe katika sehemu zake nne, kisha kila kundi lieleze sababu ya sehemu moja na dawa yake kwa sentensi kamili. Watajifunza nyakati za vitenzi, ngeli za vifaa vya ujenzi, na namna ya kujenga hoja. Na pale penye uwanja, miti na nyasi, zoezi hilo lisiishie katika daftari; shule nayo ikiwa na paa la bati tupu, wanafunzi watajua la kulifanyia.